Mvuvi wa Usiku na Kitufe Chekundu

Kwenye fuo za Gwassi, chini ya Magunga, taarifa ya habari ya saa moja huanza wakati mashua zinaondoka. Wavuvi wa omena hawana saa nyingine. Omena hufuata mwanga, na mwanga hauna faida mpaka giza liingie. Kwa hiyo usiku usio na mbalamwezi taa hutapakaa ziwani hadi macho yanapokoma. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa. Siku hizi nyingi ni balbu za betri zilizochajiwa kwa jua. Ukitazama kutoka mlimani utadhani kuna mji ulioota juu ya maji. Ni mji usio na runinga.

Mwezi ukiwa mpevu omena hawavutwi na taa, na wavuvi hulala nyumbani. Basi kuna siku ambazo mwanamume wa Gwassi hutazama mpira kama watu wengine, na kuna siku nyingi zaidi ambazo mechi ya Ligi ya Mabingwa Ulaya, inayoanza saa nne au saa tano usiku kwa saa zetu, humkuta ameshika kamba ya wavu. Wanaopanga ratiba ya UEFA hawakuuliza mwezi unaandama lini.

Nilipanda Magunga kwa ajili ya swali dogo: mtu huyu anawezaje kuiona kesho mechi ya leo? Nilidhani jibu ni la dakika tano.

Magunga ni mji wa Suba Kusini, Kaunti ya Homa Bay. Ukishika njia ya kusini unaingia Karungu na kutokea Sori, Kaunti ya Migori. Hakuna nyaya za runinga huku kama zile zilizopita kwenye mitaa ya Nairobi. Huku matangazo huja kwa hewa, na hewa yenyewe ina masharti. Mawimbi ya runinga husafiri kama macho, yaani hayapindi kona, na Milima ya Gwassi, ambayo ni mabaki ya volkano ya kale ya Kisingiri, haimpishi mtu. Boma lililo upande mzuri wa mlima hunasa stesheni kwa antena iliyofungwa kwenye mti wa bluugamu. Boma lililo nyuma ya mlima hununua dishi. Watu wawili wanaweza kuchota maji kisima kimoja na wasitazame habari za stesheni moja.

Fundi niliyemwendea sokoni ana meza iliyojaa ving'amuzi vilivyopasuliwa vifua kama samaki wa kubanikwa. Nilipomweleza habari ya mvuvi alicheka.

"Omera, kurekodi kila dekoda inarekodi. Uliza itamfungulia nani."

Akaweka mbili mbele yangu. Ya kwanza ilikuwa ya matangazo ya bure, isiyo na kadi wala malipo ya mwezi, na ubavuni ina tundu la flashi. Unachomeka flashi, unabonyeza kitufe chekundu kwenye rimoti, basi. Ukitaka, unaiwekea saa ijiwashe yenyewe. Kinachoandikwa kwenye flashi ni yale yale yaliyopita hewani, na faili hiyo itafunguka kwenye kompyuta ya shule, kwenye kompyuta ya mpwa wako, hata kwenye runinga nyingine. Stesheni ya kawaida isiyo ya picha kali hutumia kama megabiti 2 kwa sekunde, yaani saa moja ya kipindi hula takriban megabaiti 900. Flashi ya gigabaiti 16 inabeba saa kumi na saba hivi. Kuna usumbufu mmoja tu ambao kila fundi anaujua: flashi nyingi huandaliwa kwa mpangilio wa zamani usiokubali faili moja kupita gigabaiti 4, kwa hiyo rekodi ndefu hukatwa vipande.

Ya pili ilikuwa ya kulipia. Ndani ina diski kubwa, na ukiitazama kwa nje ndiyo bora ya zote mbili. Hurekodi kipindi huku ukitazama kingine, husimamisha mechi ukaenda kufungua mlango. Ila diski yake ukiitoa na kuichomeka kwenye kompyuta, huoni kitu. Si kwamba haina kitu. Imejaa, lakini imejaa uji.

Inafaa kueleza kufuli hii inavyofanya kazi, maana wengi hudhani kadi ndiyo ufunguo. Kampuni ya kulipia hurusha picha zikiwa zimevurugwa kwa msimbo, na ufunguo wa kuzipangua hubadilika kila baada ya sekunde chache. Ufunguo wenyewe hurushwa hewani pamoja na picha, lakini nao umefungwa. Kadi iliyolipiwa ndiyo inayoufungua. Hiyo ni kufuli ya mlangoni. Ukibonyeza kitufe chekundu kuna kufuli ya pili. King'amuzi huiandika picha kwenye diski kwa msimbo wake chenyewe, na ufunguo wa msimbo huo umo ndani ya chipu ya king'amuzi hicho, hakuna nakala yake kwingine. Ukiunganisha runinga kwa waya wa HDMI kuna ya tatu, inayokagua kama kifaa cha upande wa pili ni skrini ya kutazamia au ni mashine ya kunakili. Kufuli hiyo ya tatu ilitengenezwa na Intel, na ufunguo wake mkuu ulivuja mwaka 2010, lakini bado inawekwa. Watu wa biashara hii hawaondoi kufuli kwa sababu eti imevunjika.

Mwalimu mmoja mstaafu wa huko Gwassi ndiye aliyenifanya niache kulichukulia jambo hili kama mchezo wa mafundi. Kwaya ya shule yake iliwahi kuonyeshwa kwenye runinga, dakika chache tu, katika stesheni ambayo Mkenya yeyote huitazama bila kulipa. Alikuwa na king'amuzi cha kulipia, akarekodi. Kwa miaka kadhaa kila mgeni aliyekunywa chai kwake alionyeshwa watoto wale. Kisha radi ikapiga, kama inavyopiga kila mwaka kandokando ya Ziwa Viktoria, na king'amuzi kikaungua. Diski ilikuwa nzima. Aliipeleka kwa fundi, fundi akampeleka kwa wakala, wakala akampa king'amuzi kipya na diski tupu.

"Nilimwambia, mwanangu, sitaki sinema zenu," mwalimu alinieleza. "Nataka watoto wangu."

Wakala hakuwa na kosa, alikuwa kijana wa kuuza dekoda. Kampuni nayo, sitaitaja, ingejibu kwamba mkataba unasema hivyo, na pengine unasema. Lakini tazama kilichofungiwa mle ndani. Haikuwa filamu ya Hollywood wala fainali iliyonunuliwa kwa mamilioni. Yalikuwa matangazo ya bure, yaliyopita hewani bila kufuli, yakaingia kwenye sanduku lenye kufuli na kutoka yakiwa mali ya sanduku.

Enzi za deki hakukuwa na jambo kama hilo. Deki haikujua kanda ni ya nani. Ulichomeka kaseti ukarekodi KBC, na baada ya 1990 ukarekodi KTN, kisha ukampa jirani kaseti akaitazama kwa deki yake. Wenye filamu walijaribu kufunga. Mwaka 1985 kanda ya The Cotton Club ilitoka na ujanja ulioitwa Macrovision, uliofanya nakala ya pili ing'ae na kufifia kama taa yenye stima mbovu. Lakini hiyo ilikuwa kwa kanda za kununua. Matangazo ya hewani yaliachwa, na yaliachwa kwa sababu ya kesi moja ambayo mvuvi wa Gwassi, kama angeisikia, angeona imeandikwa kwa ajili yake.

Universal na Disney waliishtaki Sony kwa kutengeneza deki za Betamax, wakidai mashine hiyo kazi yake ni kuiba. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua Januari 17, 1984, kwa majaji 5 dhidi ya 4, kwamba mtu anayerekodi kipindi cha bure ili akitazame saa nyingine nyumbani kwake haibi. Anahamisha saa tu. Miongoni mwa waliotoa ushahidi wa kutetea kurekodi alikuwa Fred Rogers, mtangazaji mpole wa kipindi cha watoto, aliyeona ni jambo jema familia zikiweza kutazama kipindi chake kwa saa inayowafaa. Kura moja ingeelekea upande mwingine, deki zingeweza kupigwa marufuku.

Kuhamisha saa. Sijapata maneno mengine yanayomfaa zaidi mtu anayeondoka na mashua saa moja jioni na kurudi alfajiri.

Wamarekani hao hao baadaye walijaribu kuihifadhi haki hiyo katika enzi ya kidijitali, na jinsi walivyoshindwa ni somo. Sheria yao ya mawasiliano ya mwaka 1996 ilitaka mteja wa runinga ya nyaya aweze kutumia kifaa alichojinunulia dukani badala ya kukodi cha kampuni. Kukatoka kadi iitwayo CableCARD. Kampuni inakupa kadi, wewe unaitia kwenye kipokezi chochote, kwa mfano HDHomeRun Prime kilichounganishwa na kompyuta, na chaneli ulizolipia zinafunguka. Kuanzia Julai 2007 hata kampuni zenyewe zililazimishwa kutumia kadi hiyo katika masanduku yao mapya.

Ila kila kipindi kilibeba alama ndogo yenye moja ya amri hizi: nakili upendavyo, nakili mara moja, usinakili kamwe. Na aliyeweka alama ni kampuni ya nyaya. Baadhi ziliacha karibu kila kitu wazi. Nyingine zilipiga muhuri wa "nakili mara moja" kwa karibu chaneli zote, na rekodi yenye muhuri huo, kwa wenye vipokezi vya kompyuta, ilifunguka kwa programu moja tu, Windows Media Center, tena kwenye kompyuta ile ile iliyorekodi. Mwaka 2015 Microsoft ikatoa Windows 10 bila programu hiyo. Vipokezi vilikuwa vizima, kadi zilikuwa hai, malipo ya mwezi yalikuwa yakiingia, na mwenye nyumba akabaki kuchagua kati ya kompyuta ya kale na rekodi isiyofunguka. Mwaka 2020 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani iliondoa kabisa sharti la kampuni kuihudumia kadi hiyo. Mwalimu wetu wa Gwassi alipigwa na radi. Wenzake wa Chicago walipigwa na sasisho la programu.

Kwetu hakukuwa na kadi ya kuchomeka popote, lakini tulikuwa na vita vyetu, na vilipiganiwa juu ya swali hili hili la nani mwenye matangazo ya bure. Mkataba uliofikiwa Geneva mwaka 2006 uliwekea nchi nyingi tarehe ya mwisho ya matangazo ya analogi, Juni 17, 2015. Kenya ilizindua matangazo ya kidijitali Desemba 2009. Leseni za kusambaza mawimbi zikaenda kwa Signet, kampuni tanzu ya KBC, na kwa PANG kutoka Uchina. GOtv na StarTimes wakaanza kuuza ving'amuzi, na ndani yake zilikuwemo Citizen, NTV na KTN.

Wenye stesheni hizo, Royal Media, Nation na Standard, wakawaka. Walitangaza kwenye runinga zao wenyewe kwamba watu wasinunue ving'amuzi hivyo, maana vinabeba vipindi vyao bila ruhusa. Wakaenda kortini. Mahakama Kuu ikawakatalia Desemba 2013. Mahakama ya Rufaa ikawapa haki Machi 2014. Kisha Mahakama ya Juu, Septemba 29, 2014, ikageuza tena. Ilisema kwamba kanuni inayowataka wasambazaji wabebe stesheni za bure haivunji hakimiliki ya wenye stesheni, kwa kuwa matangazo hayo yalikusudiwa yamfikie mwananchi bila malipo. Februari 14, 2015 mitambo ya analogi ikazimwa, na stesheni zile kubwa zikabaki nje ya hewa karibu wiki tatu. Wengi tunakumbuka skrini nyeusi za wiki zile, na jinsi vibanda vya kuuza ving'amuzi vilivyojaa baadaye.

Sasa rudi kwa mwalimu. Msambazaji wa kulipia alipotaka kubeba stesheni ya bure, hoja iliyomfaa ni kwamba kitu hiki ni cha umma. Mtazamaji anapotaka kutoka na rekodi ya stesheni hiyo hiyo, anakuta kufuli ya msambazaji. Kilikuwa cha umma kilipokuwa kinaingia. Sikupata mtu wa kunieleza kiligeuka wapi.

Sheria yetu haimsaidii sana. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 ilipotungwa ilitaja matumizi ya binafsi miongoni mwa mambo yanayoruhusiwa kwa kiasi cha haki, pamoja na utafiti, uhakiki na kuripoti matukio. Kwa hiyo kurekodi habari za saa moja ili uzitazame kesho ukila ugali wako si jambo la kukuletea askari. Lakini sheria hiyo hiyo, kifungu cha 35, inasema ni kuvunja haki kuizunguka mbinu ya kiufundi iliyowekwa kulinda kazi, na kutengeneza au kusambaza vifaa vya kazi hiyo. Haimuulizi aliyeizunguka alikuwa akitafuta nini. Anayefungua diski ili auze fainali na anayefungua diski ili aone kwaya ya watoto wake wanasimama mstari mmoja. Hapo ndipo sikubaliani nayo. Kufuli inapimwa kwa kuwa ni kufuli, badala ya kupimwa kwa kilicho nyuma yake.

Fundi wangu wa Magunga analijua hilo bila kusoma kifungu. Alinionyesha vijisanduku vinavyouzwa kwa ahadi ya kufungua kila kitu, akasema hauzi. Si kwa ucha Mungu. Anasema vinafanya kazi mwezi mmoja, kampuni inabadilisha msimbo, mteja anarudi kukudai wewe, na wewe ndiye mwenye duka mjini. Anachouza ni dekoda ya bure, ya pili, ya kuweka kando ya ile ya kulipia. Ya kulipia ni ya kutazama. Ya bure ni ya kukumbuka. Wenye kompyuta huwauzia kipokezi kidogo cha USB chenye antena, kinachosoma mawimbi yale yale ya bure na kuyaandika moja kwa moja kwenye kompyuta. Hakuna kufuli iliyovunjwa kwa sababu haikuwepo.

Najua atakayesema mechi kubwa hazipo kwenye stesheni za bure. Ni kweli, nyingi hazipo, na kwa hizo mvuvi hana la kufanya ila kusubiri mbalamwezi. Kampuni iliyonunua haki za mechi kwa pesa nyingi ina sababu ya kuzilinda, na mwenye kibanda cha video anayerekodi mechi kisha kuionyesha kesho kwa kiingilio hawezi kujificha nyuma ya matumizi ya binafsi. Kibanda chake kinahitaji leseni, na king'amuzi cha nyumbani si cha kibandani. Kibanda na sebule ni vitu viwili, hata kama skrini ni moja.

Lakini watu wa huku hawarekodi mpira pekee. Nilipowauliza wamehifadhi nini, mechi zilikuja nyuma. Mbele ilikuwa mazishi. Mtu mkubwa akizikwa, kamera zikija, jamaa wote huulizana nani amerekodi habari. Kuna mama ana flashi moja ndani ya kopo la majani chai, na ndani ya flashi kuna nusu dakika ambayo mumewe anaonekana nyuma ya msemaji, amevaa kofia, akiitikia kwa kichwa. Wengine hawana flashi, wana simu. Habari ikianza mtu anasimama mbele ya skrini na kuielekezea simu yake, na video inayotoka ina mwanga wa dirisha, kuku anayelia, na sauti ya mtoto akiambiwa anyamaze. Hakuna kufuli duniani inayozuia jambo hilo, na wahandisi wa kufuli wanalijua.

Mwanamke mmoja wa Philadelphia, Marion Stokes, alirekodi runinga usiku na mchana kwa zaidi ya miaka 30 hadi alipofariki Desemba 2012, akaacha kanda zipatazo 70,000. Majirani pengine walimwona wa ajabu. Leo kanda hizo ziko mikononi mwa Internet Archive, kwa sababu stesheni zenyewe hazikuhifadhi nyingi za habari zile. Alitumia deki za kawaida, za dukani. Angeanza leo kwa king'amuzi cha kulipia, angeacha diski zilizojaa uji.

Mvuvi niliyemfuata nilimpata ufukweni siku ya mwisho, akitandaza omena kwenye nyavu zikauke. Ndiyo, alisema, amewahi kurekodi. Ilikuwa robo fainali ya CHAN, Agosti 22, 2025, Harambee Stars na Madagaska uwanjani Kasarani. Mechi ilianza saa kumi na moja jioni, wakati wa kutayarisha mashua, na mwezi ulikuwa umefifia kabisa, kwa hiyo ilikuwa lazima aende. Alimwachia mwanawe dekoda ya bure na flashi mpya, akaiwekea saa mwenyewe, saa mbili kamili za kurekodi, akashuka ziwani. Walikubaliana kwenye mashua kwamba hakuna kufungua redio.

Alfajiri waliporudi aliziba masikio kwa vidole, akapita katikati ya kina mama wanaosubiri samaki, akapanda hadi nyumbani bila kumsalimu mtu. Hakuambiwa matokeo. Hakukuwa na haja. Hakuna aliyepiga vuvuzela njia nzima.

Alitazama hata hivyo. Kenya ikafunga, Madagaska wakarudisha, dakika 90 zikaisha, muda wa nyongeza ukaanza, na hapo saa mbili alizoweka zikakamilika na dekoda ikajizima. Penalti, ambazo Madagaska walishinda 4-3, hazimo. Flashi bado anayo. Ndani yake Kenya na Madagaska ni 1-1.